Shahidi wa Vijiti Vinne

Ulimwona. Usigeuze shingo, ulimwona. Saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma, binti wa koti jeupe na begi zito begani kasimama mlangoni pako anabisha hodi ya adabu, mara tatu, kisha anangoja. Ulilisogeza pazia kwa kidole kimoja. Ukapunguza redio. Ukabana pumzi ndani ya nyumba yako mwenyewe kama mwizi. Uliposikia viatu vyake vimeondoka kwenye kokoto ndipo ukaongeza redio na kusema kimoyomoyo: matapeli hawa. Kweli utapeli ulikuwepo. Lakini kama ulijua, ulimwambia nani? Jirani yako alifungua. Ulimsikia akivuta komeo. Ukaendelea kuchambua mchele.

Basi sikia yaliyomkuta aliyefungua, na yaliyomkuta aliyebisha.

Huyo aliyebisha, wenzake walimwita Maabara, kwa sababu ndiye peke yake kati yao aliyekuwa akisoma kemia. Alikuwa amemaliza mwaka wa tatu chuo kikuu. Ili aingie wa nne alitakiwa arudi na karatasi moja tu: fomu ya mafunzo kwa vitendo, kwamba likizo ndefu ameifanyia kazi mahali fulani wiki saba, chini ya msimamizi fulani, sahihi hapa, muhuri hapa. Bila karatasi hiyo anarudia mwaka. Na mama yake, mpishi wa shule ya bweni, alikuwa ameshawatangazia walimu, wapishi wenzake na hadi muuza mkaa kwamba mwakani ataomba ruhusa ya siku mbili akamwone mwanawe akivaa joho.

Usidhani hakutafuta. Alianzia kiwanda cha sabuni, mlinzi akamwambia aache namba. Akaenda kiwanda cha rangi, akaambiwa mwenye kuhusika yuko kikaoni, na kikao hicho kilidumu siku nne. Maabara ya hospitali wakasema nafasi zimejaa, na mlango ulipofunguka aliona viti vitatu vitupu na mpwa wa mtu amevaa glavu, anachezea simu. Milango tisa. Ndiyo sababu baadaye alipoanza kubisha ya kwenu hakushangaa kufungiwa. Alikuwa amefuzu.

Tangazo alilikuta kwenye ubao wa idara yake mwenyewe. Mradi wa Afya ya Maji, lilisema, unapokea wanafunzi wa fani zote, fomu zinasainiwa. Chini yake kulikuwa na muhuri wa mratibu wa mafunzo, wino bado mbichi. Nani angetilia shaka? Mtoto haulizi kama maziwa yana sumu wakati mwenye kumpa ni mama.

Hapo ningekuomba ukumbuke, lakini najua umesahau, basi acha nikukumbushe. Kulikuwa na mwaka wa masufuria yasiyounguza. Kukawa na mwaka wa kamusi za juzuu kumi na mbili, ambazo leo zimeegemeza makabati ya watu yasiyumbe. Kukawa na mwaka wa mikanda ya sumaku ya kuponya kiuno. Kila likizo ndefu ikifika, kuna bwana mmoja mahali fulani anayekumbuka kwamba vijana elfu wako nyumbani, wana lugha nzuri, wana nyuso za kuaminika, na wana shida ya karatasi. Bidhaa hubadilika. Bwana habadiliki, hubadili shati tu.

Mwaka huu bidhaa ilikuwa chujio la maji. Bwana alikuwa kiongozi wa timu, kijana mwenyewe, hajafika miaka thelathini, ambaye hata siku za joto la kuyeyusha lami hakuvua tai shingoni. Wakamwita Tai. Wenye kujua ndege walikuwa na sababu zao nyingine.

Kila siku saa moja kamili aliwakusanya kwenye chumba cha viti vya plastiki juu ya duka la matairi. Walipiga makofi, wakaimba kwamba mlango ukifungwa mwingine hufunguka, wakakaguliwa makoti. Koti jeupe lilikuwa la lazima, hata kwa yule mwanafunzi wa sheria waliyemwita Wakili, ambaye hakuwahi kushika chupa ya maabara tangu azaliwe. Tai alisema watu hawamfungulii mwuzaji, humfungulia daktari. Alipoambiwa kwamba wao si madaktari, alijibu kwamba hakuna aliyesema ni madaktari, wamevaa koti tu, na koti si kosa. Akawafundisha mengine. Usimwulize mtu kama anataka kununua, mwombe maji ya kunywa. Akikukaribisha, usikae mpaka ushike glasi mkononi. Ukishashika glasi, mtoe Shahidi.

Shahidi ndiye aliyekuwa roho ya biashara nzima. Kilikuwa kijisanduku chenye waya wa kuchomeka kwenye soketi, na chini yake vijiti vinne vya metali: viwili vyeusi, viwili vyeupe. Unaweka glasi mbili mezani. Moja umeijaza maji ya mwenye nyumba. Nyingine umeijaza maji ya chupa uliyokuja nayo, yaliyopita kwenye chujio. Unatumbukiza vijiti viwili huku na viwili kule, cheusi na cheupe kila glasi, unabonyeza swichi, unanyamaza. Kunyamaza kulikuwa ni agizo. Maji ya mwenye nyumba huanza kutoa moshi wa kahawia kutoka kwenye kijiti, yanachafuka, yanageuka rangi ya matope, na juu yanafanya povu la kutu. Yale ya chujio yanabaki meupe, yanakutazama. Hapo ndipo unasema kwa sauti ya msibani: mama, haya ndiyo mnayowanywesha watoto.

Siku ya kwanza tu Maabara aliinua mkono. Alisema mbele ya wote kwamba uchafu ule hautoki kwenye maji, unatoka kwenye kijiti. Kijiti cheusi ni chuma. Maji yoyote ya bomba au ya kisima yana chumvichumvi kidogo isiyodhuru, na chumvichumvi hiyo ndiyo inayopitisha umeme, umeme ukipita unakila chuma, na kinachoonekana ni kutu. Chujio limeondoa chumvichumvi, umeme haupiti, basi kijiti hakiliwi. Hata maji salama kuliko yote mjini yangegeuka matope. Shahidi huyu, alisema, ni shahidi wa uongo.

Tai hakukasirika hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomuudhi Maabara zaidi. Alitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa kwamba kifungo chake kimefunguka.

"Maabara, mdogo wangu, hapa hatusahihishi mitihani," alisema. "Sisi hatusemi ni uchafu. Watu wanaona wenyewe. Wewe una fomu ya kusainiwa au huna?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, kwenye begi, chini ya Shahidi. Akakaa. Wakili akamnong'oneza kwamba kisheria kunyamaza si kusema uongo. Akamjibu kwamba ndiyo maana mawakili wana nyumba nzuri.

Wiki saba alibisha. Niambie wewe uliyekaa nyuma ya pazia, unajua kubisha kunavyochosha? Si miguu. Miguu huzoea. Ni kule kubadili uso kila baada ya hatua ishirini. Kuna aliyefungua akadhani ameletewa gesi, akaanza kumgombeza kwa kuchelewa. Kuna bwana aliyemsikiliza saa nzima, akanywa maji yote ya chupa ya maonyesho kwa sababu yalikuwa ya baridi, akamshukuru na kusema chujio la nini, yeye hunywa bia. Kuna mama aliyemuuliza umri, kabila la mjomba na kama anajua kupika, kisha akaita mwanawe wa kiume aje naye aone maji. Kuna mbwa. Kuna nyumba yenye kibandiko cha wauzaji marufuku, na ndani yake walinunua mawili. Na kila jioni Tai aliuliza umeuza mangapi, akisikia jibu alivuta pumzi kwa huruma, na kusema neno moja tu: fomu.

Katika wiki ya tano alibisha kwa fundi cherehani mmoja. Ni ile nyumba ya mlango wa kijani, yenye vitambaa dirishani, hatua thelathini kutoka kwako. Mwanamke yule alikuwa na cherehani mbili barazani, moja ya kushonea na moja ya kudarizi, na ndani alikaa na baba mkwe wake, mzee tarishi mstaafu. Mumewe alikuwa akifanya kazi mbali. Alimkaribisha vizuri, akamsogezea kiti, akaondoa pini kwenye kiti kwanza. Maabara akamtoa Shahidi, Shahidi akasema uongo wake, maji yakawa matope.

Fundi hakushtuka kama wengine. Aliwaza kidogo, kwa namna ya mtu aliyezoea kupima kabla ya kukata. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na birika.

"Hayo uliyopima ni ya bomba, mwanangu. Sisi hayo hatuyanywi," alisema. "Haya nimeyachemsha asubuhi. Pima haya."

Nakwambia, katika milango yote ya wiki saba, huyo ndiye pekee aliyeuliza swali la maana. Maabara alijua jibu. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi chumvichumvi, na chuma hakijui habari za vijidudu. Alijua kwamba maji yale salama yangegeuka matope kama ndugu zake. Alikuwa na nafasi ya kufunga begi na kusema haina haja, mama, maji yako ni mazuri. Badala yake alimimina, akatumbukiza, akabonyeza, akanyamaza kama alivyoagizwa. Yalipogeuka, fundi aliyatazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema kumbe miaka yote. Hakununua. Hakuwa na uwezo, na alisema hivyo bila aibu. Akamsindikiza mpaka barabarani, kama mgeni.

Sasa elewa hesabu ya biashara hii, maana ndipo ubaya wake ulipo. Aliyekuwa na uwezo alipata chujio ghali lakini lililofanya kazi, akalala usingizi. Asiyekuwa na uwezo hakupata chujio. Hofu aliachiwa bure. Na walioachiwa hofu ndio walio wengi.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa siku ya marudio. Ndiyo desturi ya kazi hiyo: mnarudi kwa wale waliokataa, kwa sababu hofu, Tai alisema, ni kama unga uliokandwa, inahitaji muda iumuke. Kila mwanafunzi aliyebakiza mauzo katika idadi aliyopangiwa ili fomu isainiwe angefuatana na kiongozi mwenyewe. Maabara alibakiza moja. Tai alibeba fomu yake ndani ya mkoba, pamoja na muhuri, kila kitu tayari. Akamwambia njiani, kwa upole uleule, kwamba akiuza moja tu leo anasaini papo hapo, juu ya goti ikibidi.

Nyumba ya kwanza hawakuwepo. Ya pili walikuwepo ila hawakuwepo, kama wewe. Ya tatu walisema wamehama, wakisema hivyo wakiwa ndani. Tai alikuwa akifuta jasho na kusifu mtaa. Maabara alitamani angalau mmoja awatukane, apate cha kusimulia. Wakafika mlango wa kijani.

Cherehani ya kudarizi ilikuwa imefunikwa shuka barazani. Fundi alifungua akiwa na beseni mkononi, macho mekundu kwa kukesha. Alipomwona Maabara uso ukamfunguka, akamshika mkono.

"Afadhali umekuja," alisema. "Baba anaumwa. Tumbo linamwendesha, leo siku ya sita."

Mzee alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, blanketi mpaka kidevuni, amekauka midomo, lakini ulimi ulikuwa mzima. Maabara alimwamkia shikamoo. Alijibu marahaba, akasema kwamba yeye alibisha milango ya watu miaka thelathini na mbili na hakuna aliyemfungia hata siku moja, kwa sababu alikuwa akiwapelekea kilicho chao. Akauliza hawa wa siku hizi wanaleta cha nani. Mkwewe akamwambia baba, pumzika.

Maabara hakuwa anasikiliza. Alikuwa ametupa macho jikoni. Birika lile lilikuwa juu ya kabati, limejaa rili za nyuzi za rangi, nyekundu, buluu, njano, kama sanduku la kushonea. Akauliza, ingawa alishajua, kama siku hizi hawachemshi maji.

Fundi alijibu kwa fahari kidogo, kama mwanafunzi aliyeelewa somo. Si alimwonyesha mwenyewe? Maji ya kuchemsha na ya bomba yalitoka sawasawa, matope kwa matope. Sasa ya nini kupoteza gesi kwa kitu kisichosaidia? Tangu siku ile waliyanywa hivyohivyo kutoka bombani, na gesi aliyookoa alikuwa anaiwekea chujio.

Ukitaka kujua hasira, simama mahali pale. Mwanamke huyo hakuwa mjinga. Aliuliza, akapima, akaona kwa macho, akaamua kulingana na alichoona. Ndivyo wanavyofundishwa chuo kikuu kufanya. Aliyekuwa na elimu ndiye aliyemdanganya, na alimdanganya kwa kunyamaza, ile kazi rahisi kuliko zote, ile uliyoifanya wewe pia.

Tai alielewa upesi kuliko wote, lakini alielewa upande wake. Akakaa karibu na kochi, akamshika mzee mkono, akamwita mzee wangu. Akamwambia fundi kwa sauti ya chini kwamba hayo ndiyo mambo wanayoyaona kila siku. Maji. Maji ndiyo yamemlaza mzee. Na tazama jinsi uongo ukikaa sana unavyojizalia ukweli wake: safari hii alisema kweli. Maji ndiyo yaliyomlaza.

Fundi akasema ameshapata njia. Cherehani ya kudarizi ameipatia mteja, ataichukua jioni, ndiyo maana ameifunika. Chujio analitaka leo. Tai akamtazama Maabara, akafungua mkoba. Akatoa fomu kwanza, kisha kalamu, kisha muhuri, akavipanga kwenye mkono wa kochi, taratibu, ili vionekane. Akasema Maabara atamwonyesha mama mara ya mwisho, ili mzee naye ashuhudie.

Maabara akamtoa Shahidi. Mikono ilifanya yenyewe, kama ya mtu anayesali bila kusikiliza. Glasi mbili, moja ya bomba, moja ya chupa. Akachomeka waya. Kisha akamgeukia fundi.

"Mama, naomba chumvi."

Tai akacheka kidogo, akasema chumvi haimo katika maonyesho. Fundi alikuwa ameshainuka, akaja na kikopo. Maabara akachota kwa ncha ya vidole, akaitia ndani ya glasi ya chujio, ile nyeupe, ile isiyowahi kushindwa. Akakoroga kwa mpini wa kijiko. Akatumbukiza vijiti, akabonyeza, akanyamaza. Safari hiyo alinyamaza kwa hiari yake.

Maji ya chujio yakatoa moshi wa kahawia. Kisha yakawa matope mazitomazito, yakapita yale ya bomba kwa ubaya, povu likapanda mpaka ukingoni. Mzee alijiinua kwa kiwiko, akatazama glasi hii, akatazama ile.

"Maisha yangu yote nimewaona wauzaji wakitia chumvi kwenye maneno," alisema. "Huyu ndiye wa kwanza kuitia kwenye maji."

Ndipo Maabara alipoeleza yote, bila kupamba. Kwamba ni kutu ya kijiti. Kwamba aliijua tangu siku ya kwanza. Kwamba siku ile ya birika aliijua pia, akabonyeza. Kwamba maji ya kuchemsha yalikuwa salama, na kuacha kuchemsha ndiko kulikomwangusha mzee. Aliyasema haya ameinamisha kichwa, na akaomba radhi. Fundi alikuwa amesimama na kikopo cha chumvi mkononi. Alikwenda jikoni, wakasikia rili za nyuzi zikimwagika sakafuni zote kwa pamoja, maji yakifunguliwa, kiberiti.

Tai alisimama. Ungemtarajia apige kelele, na kelele zingekuwa nafuu. Alichukua muhuri akaurudisha mkobani, akafunga kalamu, akaikunja fomu mara mbili kwa uangalifu kama barua ya mapenzi na kuitia mfukoni.

"Umechagua, mdogo wangu," alisema. "Wenzako hamsini na watatu watasainiwa kesho. Wote wanajua ulichokijua. Wewe tu umejifanya msomi."

Akamtakia mzee afya njema, akatoka. Shahidi alimsahau mezani, na hilo lilikuwa kosa lake pekee siku hiyo.

Maji yalipochemka wakayapooza kwa kuyahamisha sufuria hadi sufuria. Maabara akapima lita moja, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi ileile, wakamnywesha mzee kidogokidogo mpaka akalalamika kwamba yeye si gari la kujazwa maji. Kisha fundi na Maabara wakamshika huku na huku mpaka zahanati, akalazwa siku mbili, akapona. Cherehani ya kudarizi haikuuzwa. Mteja alipokuja jioni alikuta mlango umefungwa, akaondoka akilalamika. Fundi bado hajamsamehe Maabara, na hana haraka. Alimwambia hivi: msamaha utakuja, ila kwanza nenda ukawaambie na wengine.

Jumatatu Maabara alikwenda kwa mratibu wa mafunzo. Akamweka Shahidi juu ya meza yake, akaomba glasi na soketi. Mratibu akasema soketi ya ofisi ni mbovu. Maabara akamweleza kwa maneno. Mratibu akasema mradi ule umesaini fomu hamsini na tatu bila tatizo, tatizo ni moja tu, nalo limesimama mbele yake. Alipoulizwa kama aliwahi kufika kwenye kile chumba juu ya duka la matairi, alisema ratiba haikuruhusu. Akamwagiza aandike barua. Aliiandika. Bodi itakaa Ijumaa hii kuamua kama anarudia mwaka. Na ushahidi wake, wakamwambia, ni neno la mtu mmoja. Mama yake bado hajaambiwa. Bado anahesabu siku mbili za ruhusa.

Sasa hivi, unaposoma, Maabara anapita mtaani tena. Hana koti. Ana daftari lenye milango yote aliyoibisha wiki saba, mia moja na arobaini na moja, na anaifuata mmoja mmoja na kile kijisanduku na kikopo cha chumvi, kuwaambia waliozima jiko waliwashe. Wengi hawafungui. Wanasogeza pazia kwa kidole kimoja, wanasema ni yuleyule. Wewe umo kwenye daftari hilo, au jirani yako yumo, na jirani yako ulimsikia akivuta komeo.

Basi inuka. Si ukimaliza mchele, sasa. Bandika maji kwanza. Kisha toka ukambishie jirani, mwulize kama alionyeshwa glasi mbili, na kama tangu hapo anachemsha. Akikwambia hachemshi, ingia jikoni kwake umwashie wewe. Halafu andikeni majina yenu wote wawili, na tarehe, na mlichoonyeshwa, mkayafikishe kwenye idara kabla Ijumaa haijafika, na mratibu akisema soketi ni mbovu, nendeni na waya mrefu. Na hodi utakayoisikia leo, mara tatu halafu kimya, ni yeye. Fungua.